Kinaya katika Mzalendo Kimathi: Nani Anamwonaje Nani?

Watahiniwa wengi hujibu swali la kinaya kwa sentensi moja: ni kinaya kwamba Kimathi anashtakiwa. Jibu hilo halipati alama. Kinaya huhitaji pande mbili zinazokinzana: jinsi mhusika anavyomwona mwenzake, na ukweli ambao sisi wasomaji tunaujua. Zitaje zote mbili.

Chukua shtaka lenyewe. Dedan Kimathi alihukumiwa mjini Nyeri Novemba 1956 kwa kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo wanaliweka shtaka hilo kando ya mkate. Askari mzungu anapomkabili Mwanamke, anamwona mama wa kijijini asiyejua lolote. Kumbe ndani ya mkate mna silaha, nayo inapelekwa ili kumwokoa mtu anayeshtakiwa kwa kuwa na silaha. Dharau ya askari ndiyo inayompa Mwanamke njia.

Tazama pia Shaw Henderson. Katika historia, Ian Henderson alikuwa afisa wa polisi aliyeongoza msako. Jaji alikuwa mtu mwingine. Waandishi wamewafanya mtu mmoja. Anamhukumu Kimathi mahakamani, kisha anamwendea seli akijiita rafiki. Ukichota sifa zake katika maneno yake pekee, utaandika kwamba ana utu!

Lakini kinaya kizito zaidi, na ambacho watahiniwa hukiruka, kimo msituni. Serikali inamwita Kimathi katili. Wasaliti wanapoletwa mbele yake, mmoja wao ni Wambararia, nduguye mdogo. Kimathi anasita. Wanatoroka. Huyo anayeitwa katili anaponzwa na huruma. Hapa hata wafuasi wake, waliomdhania chuma kitupu, walikuwa wamemwona nusu. Basi ukiulizwa sifa zake, usiishie kwenye ushujaa. Andika kwamba ana huruma, anasita, tena anajilaumu, na uonyeshe tukio. Sifa bila tukio ni nusu jibu.

Tahadhari ya mwisho: msichanganye kinaya na kejeli. Kejeli ni dhihaka anayoikusudia msemaji. Yule askari hakukusudia chochote. Alikuwa na hakika kabisa kwamba anamjua mwanamke aliye mbele yake.