Kumngoja Bwana, Mlango Ukiwa Wazi

Somo: Mathayo 24:36-46

 

Jumapili moja alasiri tulikuwa na vijana wa ushirika mmoja, tukiongea juu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza hivi: “Watoto waliokufa kule Shakahola, je, hawakuwatii wazazi wao?” Ukumbi mzima ukanyamaza. Twakiri mbele yenu kwamba tulikaribia kumkemea aketi chini, maana swali lake lilitutia hofu. Lakini Bwana alituzuia, na tangu siku ile swali hilo halijatutoka moyoni. Leo twataka kulijibu.

Tuanze na kitabu. Kwa lugha ya Kiingereza zipo hadithi kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya vijana, zinazosimulia habari za watoto walionaswa katika makundi yanayohubiri kwamba mwisho wa dunia umefika. Mojawapo yaitwa Armageddon Summer, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1998. Waliiandika watu wawili: Jane Yolen aliandika sura za msichana aitwaye Marina, na Bruce Coville akaandika sura za mvulana aitwaye Jed. Si habari ya kweli. Ni hadithi ya kubuni. Lakini hadithi yaweza kuwa kioo, na mtu akijitazama ndani yake huona uso wake mwenyewe.

Katika hadithi hiyo mhubiri mmoja anawatangazia watu wake kwamba dunia itateketea tarehe 27 Julai mwaka wa 2000. Anawapandisha juu ya mlima, na kuwaambia kwamba watakaookoka ni watu 144 tu. Marina anapanda mlimani pamoja na mama yake. Jed anapanda pamoja na baba yake. Marina anatamani sana kuamini. Jed haamini hata kidogo, ila amekuja kwa sababu hataki kumwacha baba yake peke yake. Mlima unazungushiwa uzio wa umeme. Mama anashughulika sana na siku ile inayokuja, hata Marina anajikuta yeye ndiye anayewaangalia wadogo zake. Mwishowe damu inamwagika pale, na dunia inaendelea kuwapo.

Ndugu zangu, tazameni vizuri jinsi vijana hao walivyonaswa. Hawakushindwa kwa hoja, wala hawakuvutwa na anasa. Walinaswa kwa upendo. Walimpenda mzazi, mzazi akampenda mhubiri, na mhubiri akaipenda tarehe yake kuliko kuwapenda watu. Kwa hiyo tusiseme kwa wepesi kwamba vijana wa namna hiyo ni wajinga. Mtoto huenda anakopelekwa na mkono uliomlea.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza hayo. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walitabiri kwamba mwisho utakuja mwaka wa 1999 ukiisha. Haukuja. Ndipo tarehe 17 Machi mwaka wa 2000 mamia ya watu, na watoto wengi miongoni mwao, waliteketea kwa moto ndani ya jengo lililofungwa. Nasi wa Kenya, mnamo Aprili mwaka wa 2023, tulianza kusikia habari za msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako watu waliambiwa wafunge kula hata kufa ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kutoka katika udongo ule, na mingi ilikuwa ya watoto. Hatutaji hayo ili kuwatonesha kidonda waliofiwa. Twayataja kwa kuwa wengi wa waliofika pale walikuwa watu wa kuomba, wenye Biblia mkononi kama sisi.

Basi, mtu ataitambuaje njia hiyo kabla hajafika mwisho wake? Kwa alama tatu.

Alama ya kwanza ni tarehe. Bwana mwenyewe alisema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni. Mtu akija kwako na tarehe mkononi, amejipa ujuzi ambao malaika hawanao. Na Kumbukumbu la Torati 18:22 latufundisha kwamba neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulinena. Lakini angalieni, mara nyingi tarehe ikipita, kiongozi hatubu. Hutaja nyingine, naye muumini aliyekwisha kuuza shamba na kuwaaga jamaa huona haya kurudi nyumbani.

Alama ya pili ni uzio. Katika kitabu kile ulikuwa uzio wa umeme, na kule Shakahola ulikuwa msitu. Kwingine uzio hauonekani kwa macho. Mtu huambiwa asimsalimu nyanya yake, kwa kuwa hajaokoka vya kutosha. Mtoto huondolewa shuleni. Mgonjwa hukatazwa kwenda hospitali. Majirani wote huitwa watu wa dunia. Kondoo akitengwa na kundi, hana wa kumsikia akilia.

Alama ya tatu ni kukatazwa kuuliza. Anayeuliza huambiwa ana roho ya uasi. Hapa, wapendwa, na sisi wa makanisa ya kawaida tujichunguze. Ni mara ngapi kijana amemwuliza mzee wa kanisa jambo gumu, naye akajibiwa, “Wewe amini tu”? Kijana aliyezoezwa kunyamaza mbele yetu atanyamaza pia mbele ya mdanganyifu, maana tumemfundisha kwamba kunyamaza ndiyo imani. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Naye Luka atuambia katika sura ya pili kwamba Yesu akiwa na miaka 12 alionekana hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Waalimu wale hawakumfukuza. Walistaajabu.

Sasa turudi kwa yule msichana. Je, watoto wale hawakutii? Naam, walio wengi walitii, na aibu ya jambo hilo haiko juu yao hata kidogo. Iko juu ya watu wazima. Lakini Paulo alipowaagiza watoto wawatii wazazi wao, katika Waefeso 6:1, aliweka mpaka: watii katika Bwana. Mzazi hakupewa mamlaka juu ya uhai wa mtoto. Ibrahimu mwenyewe, kisu kikiwa mkononi, alizuiwa na sauti kutoka mbinguni, na kijana Isaka akarudi nyumbani mzima. Kwa hiyo, kijana unayetusikiliza, ukiamriwa kuacha kula hata ufe, au kuacha dawa, au kuondoka usiku bila kumwambia mtu, unayo ruhusa ya Mungu kukataa. Mwendee shangazi, mjomba, mwalimu, chifu au mchungaji, umweleze. Kufanya hivyo si kumdharau mama yako. Huenda ukamwokoa yeye pia. Nawe uliye shangazi au mwalimu, mtoto akikujia na habari kama hizo, usimrudishe kwa maneno matupu. Fanya jambo siku hiyo hiyo.

Labda mwingine atauliza, “Je, basi tuache kumngoja Bwana?” Hasha! Kanisa lisilomngoja Bwana limesinzia. Lakini someni somo letu mpaka mwisho wake. Baada ya kusema kwamba hakuna aijuaye siku, Bwana aeleza mtumwa mwaminifu ni yupi. Hakusema ni yule aliyehesabu miaka, wala aliyekimbilia mlimani. Ni yule aliyewekwa juu ya nyumba ili awape watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake, na bwana wake ajapo amkuta akifanya hivyo. Akiwapa chakula! Fikirini neno hilo kando ya makaburi ya Shakahola. Mtu amngojaye Kristo kweli kweli hujulikana kwa sufuria iliyo motoni, kwa karo iliyolipwa, kwa mgonjwa aliyepelekwa hospitali, na kwa mlango ulio wazi jirani apate kuingia.

Juma hili, wazazi, ketini na watoto wenu baada ya chakula cha jioni. Waulizeni wanaogopa nini juu ya siku ya mwisho, kisha wasikilizeni mpaka wamalize. Sisi tulijifunza kwa msichana mmoja aliyeinua mkono, na twamshukuru Mungu kwamba hatukumketisha chini.

Tuombe. Ee Bwana, tufundishe kukungoja pasipo hofu na pasipo kiburi. Uwafariji waliopoteza watoto. Uwape vijana wetu ujasiri wa kuuliza, nasi utupe unyenyekevu wa kujibu. Utukute, ujapo, tukiwalisha watu wa nyumbani mwako. Amina.