Kifaranga Hakui kwa Pumba Tupu

Kina mama wengi tunaofuga kuku tunanunua vifaranga kwa fedha tuliyoibana kwa shida, halafu tunawapa pumba tupu za mahindi ili kupunguza gharama. Baada ya mwezi tunashangaa: wamedumaa, manyoya ya mabawa hayajaota sawasawa, na wameanza kudonoana. Kuku aliyedumaa utotoni huchelewa kutaga, na ada ya shule tuliyoitegemea kwenye mayai haionekani.

Kliniki tunafundishwa kwamba mtoto anayepewa uji mtupu hushiba lakini hajengi mwili. Kwa kifaranga ni hivyo hivyo, tena haraka zaidi, maana katika wiki nane za kwanza anajenga misuli, mifupa na manyoya kwa pamoja.

Jambo ambalo wengi hatuambiwi ni hili: kuku hula mpaka mwili wake utosheke kwa nguvu, kisha huacha. Mahindi yakizidi, kifaranga huacha kula kabla hajapata protini ya kutosha. Pumba nazo zina makapi mengi. Gole lake dogo hujaa upesi, naye bado ana upungufu. Lakini tukijaza dagaa na kupunguza mahindi, mwili huichoma ile protini kama kuni ili upate nguvu. Hapo, mama, dagaa wako wa bei umewatia jikoni badala ya makaa!

Kwa vifaranga wa mayai tunatafuta protini asilimia 18 hadi 20, na nguvu karibu kilokalori 2,800 kwa kilo. Mama yule wa Mithali 31 alijua hesabu ya nyumba yake, nasi tuijue ya banda. Kwa kilo 100: mahindi yaliyoparazwa kilo 50, pumba 13, mashudu ya alizeti 18, dagaa waliosagwa 8, soya 8, unga wa mifupa 2, chokaa nusu kilo, chumvi robo, na vitamini za kuchanganya robo. Kuku wa nyama wanahitaji nguvu na protini zaidi ya hapo, kwa hiyo huu si wao.

Tupime kwa mizani, si kwa debe. Debe la pumba ni jepesi kuliko la mahindi. Soya ikaangwe, kwani ikiwa mbichi huzuia protini isisagike tumboni. Dagaa, tumbukiza kiganja kimoja katika bakuli la maji uone mchanga unaozama. Mahindi yenye ukungu tusiyaguse, yana sumu inayoua vifaranga. Wala tusiwape chakula cha kuku wanaotaga, chokaa yake nyingi huharibu figo zao.

Chumvi na vitamini vichanganywe kwanza na kilo moja ya pumba, ndipo vienee vizuri. Na tuchanganye cha wiki mbili au tatu tu, maana mafuta ya dagaa na soya huchacha.