Mapishi katika Runinga: Ni Kipi Hukifanya Kipindi Kistahili Kutazamwa?

Utangulizi

Chakula kinachopikwa katika runinga hakinukii, hakionjwi wala hakishibishi. Hata hivyo, vipindi vya mapishi ni vikongwe takriban kama runinga yenyewe. Nchini Uingereza, Philip Harben alikuwa akipika mbele ya kamera za BBC mnamo mwaka wa 1946, wakati ambapo vyakula vingi vilikuwa bado vikitolewa kwa mgao kufuatia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Watazamaji wake walikitazama chakula ambacho wengi wao hawakuwa na uwezo wa kukipika. Basi ni kipi kinachomkalisha mtu nusu saa mbele ya chungu asichoweza kukipakua?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Hoja yetu ni kwamba kipindi cha mapishi hustahili kutazamwa kinapoionyesha kazi ya upishi pamoja na uwezekano wake wa kuharibika, na mpishi anapoitumia lugha kumpa mtazamaji kile ambacho kioo hakiwezi kumpa. Katika kulieleza hili, tutaazima dhana za fasihi simulizi, yaani fanani, hadhira na utendaji, kwani mpishi wa runinga, sawa na mtambaji wa ngano, huishika hadhira yake kwa sauti, kwa mikono na kwa kujua ni lini aiache ingoje.

Mpishi kama Fanani

Mfano bora wa fanani wa aina hii ni Julia Child (1912-2004), Mmarekani aliyejifunza upishi nchini Ufaransa akiwa mtu mzima. Baada ya kuchapisha kitabu cha mapishi ya Kifaransa pamoja na wenzake wawili mwaka wa 1961, alialikwa katika kipindi cha kujadili vitabu mjini Boston. Badala ya kuzungumza tu, alikaanga mayai mbele ya kamera. Kutokana na tukio hilo kukazaliwa kipindi chake, The French Chef, kilichoanza kurushwa mnamo Februari 1963.

Kwa kuwa kuhariri picha kulikuwa ghali, vipindi vyake vilinaswa kwa mfululizo, bila kukatizwa ila pale ilipobidi kabisa. Kosa likitokea, lilibaki. Katika kipindi kimoja kinachokumbukwa hadi leo, alirusha viazi alivyovikaanga kama chapati ili avigeuze, na sehemu yake ikamwagikia juu ya jiko. Alivizoa, akavirudisha katika kikaango, akaeleza kuwa kosa lake lilikuwa kusitasita wakati wa kurusha, kisha akamkumbusha mtazamaji kwamba mtu akiwa peke yake jikoni hakuna anayemwona. Baadaye ulienea uvumi kuwa alikuwa ameangusha kuku mzima sakafuni, jambo ambalo halikutokea. Hadhira ililichukua tukio dogo ikalikuza, kama inavyofanya kwa masimulizi yote inayoyapenda.

Katika utambaji wa ana kwa ana, hadhira huweza kuuliza, kucheka au kumsahihisha fanani. Hadhira ya runinga haina nafasi hiyo. Kwa hivyo, mpishi stadi hulazimika kulikisia swali kabla halijaulizwa. Child alipoeleza kwa nini viazi vilimwagika, alilijibu swali ambalo mtazamaji angeliuliza siku vya kwake vitakapomwagika. Hapa ndipo ule msemo wa mficha uchi hazai unapopata maana jikoni: mpishi afichaye kosa hawezi kumfundisha mwenzake namna ya kuliepuka.

Gharama ya Kukata Picha

Mwandishi wa makala haya alilijifunza jambo hilo kwa hasara. Akiwa mzaliwa wa bara, hakulelewa katika upishi wa nazi. Siku moja alipotarajia wageni, alifuata hatua za mchuzi wa samaki kama alivyoziona katika kipindi kimoja cha runinga. Mpishi alimimina tui zito, picha ikakatwa, na iliporejea mchuzi ulikuwa tayari, mweupe na mwororo. Nami nikamimina tui, nikafunika sufuria na kuuacha moto ulivyo. Tui likakatika: mafuta yakaelea juu, chembechembe zikatuama chini. Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Lamu, alitazama tu akasema, "Mwanangu, tui halifunikwi. Hupunguzwa moto, likakorogwa mpaka litokote." Sentensi hizo chache ndizo zilizokatwa katika kipindi.

Tui ni mchanganyiko wa mafuta na maji ambao moto mkali huutenganisha. Muda kati ya kumimina na kuepua ndio upishi wenyewe, na kipindi kinachoukata kwa kuwa hauna mambo mengi ya kuonyesha kinabaki na picha mbili nzuri zisizo na maarifa kati yake. Si lazima mtazamaji aonyeshwe dakika zote kumi. Inatosha aelezwe aangalie nini, asikilize nini, na atajuaje kuwa mambo yameanza kwenda mrama.

Ushindani na Taharuki

Huenda msomaji akapinga kwamba watazamaji wengi hawatazami ili wajifunze, bali waburudike. Ni kweli. Kipindi cha Kijapani kijulikanacho ulimwenguni kama Iron Chef, kilichoanza mwaka wa 1993, kiliwapa wapishi wawili muda wa saa moja na kiambato kimoja kilichofichuliwa papo hapo. Taharuki hiyo haina tofauti kubwa na ile ya ngano ambamo shujaa hupewa kazi ngumu aikamilishe kabla ya jua kuzama.

Hata hivyo, taharuki nzuri zaidi ni ile inayotokana na maarifa, si saa pekee. Katika shindano la uokaji la Uingereza, The Great British Bake Off, lililoanza mwaka wa 2010, kuna jaribio ambamo washiriki hupewa maelekezo yaliyopunguzwa kwa makusudi. Huenda wakaambiwa waoke tu, bila kuelezwa joto wala muda. Waamuzi nao huonja bila kujua ni kazi ya nani. Mtazamaji huona wazi ni nani anayejua unga uliokandwa ukatosha unavyohisika mkononi, na ni nani aliyezoea kusoma tu. Taharuki na mafunzo huwa kitu kimoja.

Lugha ya Jikoni

Suala linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili ni lugha. Kwa kuwa kioo hakina harufu wala ladha, mzigo huo hubebwa na maneno. Samin Nosrat, katika mfululizo wake wa mwaka 2018 uitwao Salt Fat Acid Heat, aligawa upishi wote katika mambo manne, yaani chumvi, mafuta, uchachu na joto, akalipa kila moja kipindi chake. Aliwapa watazamaji msamiati wa kufikiria chakula, nao waliweza kuutumia hata kwa mapishi ambayo hakuyagusa.

Kiswahili kina utajiri mkubwa katika uwanja huu. Chungu huinjikwa na kuepuliwa. Mihogo hupwazwa, samaki hubanikwa, wali hupaliwa makaa. Maji huchemka, lakini mchuzi hutokota. Kila kitenzi hapa kimebeba maelekezo ya kiasi cha moto, maji au muda. Mpishi anayesema "pika" kwa yote hayo, au anayekimbilia Kiingereza kila afikapo kwenye kitendo chenyewe, anamnyima mtazamaji maelekezo hayo. Kwa kijana aliyekulia mbali na jiko la bibi yake, huenda kipindi cha mapishi kikawa mahali pekee atakapoisikia kauli "tui limekatika" huku akiliona limekatika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa thamani ya kipindi cha mapishi haitokani na uzuri wa studio wala umaarufu wa mpishi. Inatokana na kazi inayoonekana, kosa lisilofichwa, taharuki inayozaliwa na maarifa, na lugha inayotaja kila tendo kwa jina lake. Ni maoni yetu kuwa wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi hapa, kama watafiti wa msamiati huu na kama waandishi wa miswada ya vipindi hivyo. Tuanze kwa kuwauliza mama na nyanya zetu wanaviitaje vitendo wanavyovifanya jikoni kila siku, na tuyaandike majibu yao.