Mkuu wa Fedha na Mshahara wa Askari

Askari asiyelipwa haki yake huwa mzigo kwa raia anaopaswa kuwalinda. Jambo hilo lilidhihirika katika nchi ya Kongo baada ya vita vya mwaka 1998 hadi 2003. Fedha za mishahara zilipitia mikononi mwa makamanda wale wale waliotoa orodha za majina. Njiani zikapunguzwa, na orodha zikajaa askari hewa.

Ndipo mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipopeleka washauri wa EUSEC kuisaidia serikali ya huko. Shabaha yao moja kubwa ilikuwa kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Askari walihesabiwa, wakapewa vitambulisho; baadaye malipo yakaanza kupitia benki.

Hiyo ndiyo maana hasa ya cheo cha mkuu wa fedha katika idara ya serikali. Yeye hutayarisha makisio, huhakikisha kila malipo yana kifungu na hati, na hutoa hesabu mbele ya mkaguzi. Anayeamuru asiwe mlipaji, na anayelipa asijikague mwenyewe. Huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamtaka ofisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria afidie hasara, hata kama ameacha kazi.

Mshahara uliofika kamili mkononi mwa askari ni sehemu ya ulinzi wa nchi, kama zilivyo risasi ghalani.