Fundi, Andika Mwaka Chini ya Kazi Yako

Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Singida, mjini na vijijini, kiko kinu au kigoda kilichorithiwa. Muulize mwenye nyumba kilichongwa lini, naye atakujibu kwamba ni cha enzi za babu. Ukidadisi zaidi, huenda ukaambiwa kilikuwapo kabla ya njaa fulani. Ndivyo wazee walivyohesabu miaka. Njaa ya Mtunya, iliyoangamiza watu wengi Ugogo kati ya 1917 na 1920, ilikuwa kwao tarehe kamili bila kuandikwa popote. Lakini mwenye kumbukumbu akifariki, tarehe nayo huzikwa pamoja naye.

Je, ndugu msomaji, mafundi wetu wanaochonga na kukereza mbao waandike mwaka kwenye kazi zao?

Wako wanaokataa, na sababu yao si ya kupuuzwa. Bakuli lililokamilika mwezi wa Desemba huweza kukaa dukani mwaka mzima. Mnunuzi akiona mwaka uliopita hudhani kuwa ni mali iliyododa, akaanza kuvuta bei chini. Kwa fundi anayetegemea mauzo ya leo kununua unga wa kesho, hiyo ni hasara ya kweli.

Hata hivyo, mti si mkate. Mbao mbichi iliyokerezwa kwa haraka hupinda na kupasuka inapokauka. Chombo kilichokaa miaka miwili rafuni bila ufa kimekwisha kufaulu mtihani, na mwaka ulioandikwa chini yake ndio shahidi. Fundi hodari amweleze mnunuzi hivyo.

Tusitumaini kwamba wataalamu watatusaidia baadaye. Kipimo cha kaboni huonyesha wakati mti ulipoota, wala si siku ulipochongwa. Na kwa vitu vya karne tatu zilizopita majibu yake mara nyingi huwa na utata. Wajanja nao hukipaka kinyago kipya rangi ya viatu au kukifukiza moshi, wakakiuza kama cha kale.

Wahenga wa pwani waliliona jambo hili mapema. Maandishi yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Baadhi ya milango ya nakshi ya Zanzibar nayo ina mwaka wake. Kinyume chake, vyombo vingi vya bara vilivyochukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya vikiwa na jina la aliyevikusanya. Jina la aliyevichonga, mara nyingi, halipo.

Liko pia suala la haki. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unataka kazi za sanaa ya matumizi zinazolindwa kama sanaa zilindwe kwa muda usiopungua miaka 25 tangu zilipotengenezwa. Kazi isiyo na mwaka, hesabu yake itaanzia wapi? Mwigaji akidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia, fundi atamjibu kwa ushahidi gani?

Njia yenyewe ni rahisi. Geuza chombo, kisha kwa chuma chembamba kilichopashwa moto andika jina lako, kijiji, aina ya mti na mwaka. Usiandike mahali panapogusa chakula, wala usitegemee karatasi ya kubandika, maana hubanduka. Anayehofia wanunuzi wake na aandike namba tu chini ya chombo, na mwaka wa namba hiyo autunze katika daftari.

Nasi wanunuzi tuna wajibu. Tunapoagiza kitanda cha arusi au kigoda cha mzazi, tumwombe fundi aweke mwaka, wala tusimpunguzie bei kwa sababu ya ukweli wake. Wajukuu watakaoketi juu ya kigoda hicho watapenda kujua ni mkono wa nani uliowatengenezea, na lini.