Kusajiliwa Siyo Kulipa: Tuchague Bima ya Afya Kabla ya Kuugua

Hakuna mwezi unaopita bila kuletewa kadi ya mchango wa hospitali. Tunachanga, maana hatuwezi kumwacha jirani. Lakini ile ya juzi ilituuma zaidi. Ni kijana wa bodaboda ambaye mkewe alijifungua kwa upasuaji. Mama mzima, mtoto mzima, lakini bili haijalipwa, na hawatoki. Kijana akatoa simu akamwonyesha karani ule ujumbe wa kwamba amesajiliwa SHA. Karani akamjibu, "Umesajiliwa, ndiyo. Lakini hujalipa."

Tulipoulizana kwenye mkutano wa kikundi, kumbe wengi wetu tuko vilevile. Tulipiga *147#, tukaandikwa, tukarudi shambani tukijua mambo yamekwisha. Ndiyo sababu tumeona tulieleze jambo hili polepole.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ile NHIF tuliyoizoea tangu 1966 haipo tena. Mahali pake pana Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoundwa na sheria ya 2023. Ndani yake mna mifuko mitatu, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mfuko wa kwanza unalipa matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya: malaria, kikohozi, kipimo cha damu. Huo unajazwa na serikali, nawe unatakiwa kuwa umesajiliwa tu. Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, ambayo watu huiita SHIF. Huo ndio unaolipa ukilazwa hospitali kubwa, ukipasuliwa, ukisafishwa damu kwa sababu ya figo. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito ya kudumu, na kwa magonjwa hayo unaingia pale wa pili unapokwisha. Mfuko wa pili haukujui kama hujatoa mchango wako. Hata kujifungua kumo katika mfuko huo wa pili. Viwango vilivyotangazwa 2024 ni Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Yule kijana angekuwa amelipa, tusingeona ile kadi.

Basi ni pesa ngapi? Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Wa Sh40,000 anakatwa Sh1,100 kila mwezi, wa Sh100,000 anakatwa Sh2,750. Hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi. Sisi tusio na mshahara, wa shamba, wa jua kali na wa kibanda cha sokoni, tunaulizwa maswali juu ya nyumba, maji, choo na mali tuliyo nayo, halafu mashine inakadiria. Jibu kweli. Usijifanye tajiri mbele ya yule anayeandika, na usifiche ng'ombe. Ukiona kiasi kilichotoka hukiwezi kabisa, nenda ofisini uombe kiangaliwe tena.

Ugumu ni kwamba sisi hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja. Zamani mtu wa kujitegemea alilipa NHIF Sh500 kwa mwezi. Sasa hata yule wa chini kabisa anatakiwa kutoa Sh3,600 kwa mpigo, na ni nani anayo Sh3,600 mwezi wa kwanza, wakati wa karo? Hapa tunaona vyama vyetu vina kazi. Akina mama wakiweka Sh70 kila wiki pembeni ya merry-go-round, mwaka ukiisha kila mmoja ana Sh3,640. Kuna pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioanzishwa 2025, ambao unakulipia mwaka kwa mkopo nawe unarudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hivyo uliza masharti kabla ya kubonyeza ndiyo.

Mchango mmoja unafunika mume, mke na watoto wanaowategemea. Lakini lazima wawe wameandikwa. Baba amejisajili peke yake, mtoto akiugua usiku hayumo. Hakikisha leo, si siku ile ya homa.

Wale walioajiri watu nao wana deni. Tukisema mwajiri tunafikiria kiwanda, lakini hata wewe uliye na msichana wa kazi au kijana wa kukamua ng'ombe ni mwajiri. Ukimlipa Sh12,000 unatoa Sh330 kwenye mshahara wake na kuzipeleka SHA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Sheria haikudai uongeze chako. Lakini kukata halafu ukakaa nazo ni kumwibia mtu afya yake, na tumesikia hayo hata kwa watu tunaowaheshimu. Mfanyakazi naye apige simu aangalie kama michango inafika.

Je, bima za kampuni? Wanaokuja na makaratasi mazuri baada ya mkutano si wote wabaya. Ila bima ya kampuni haikuondolei SHA, ambayo ni sheria kwa kila mkaaji wa Kenya. Maoni yetu ni haya: lipa SHA kwanza, kisha kama una nafasi tafuta ya kuziba pengo. Pengo kubwa ni kulazwa, maana bili ya kulazwa ndiyo inayouza shamba. Bima ya dawa za kikohozi ni ghali na zahanati iko karibu. Kabla ya kutia sahihi, muulize yule wakala: kikomo cha mwaka ni shilingi ngapi, na ni cha kila mtu au cha jamaa yote? Nikilipa leo, naanza kutibiwa lini? Mara nyingi ajali hulipwa mara moja, ugonjwa husubiri siku kama thelathini, na uzazi husubiri karibu mwaka. Presha na sukari niliyo nayo tayari inakubaliwa? Usiifiche, kwa maana wakiigundua baadaye wataacha kulipa. Na je, hospitali iliyo karibu nasi iko kwenye orodha yao, ama ni zile za Nairobi tu?

Wastaafu ndio tunaowahofia zaidi. Mwalimu au karani amekatwa miaka thelathini bila hata kufikiri, na siku ya kustaafu bima ya kazini inabaki kazini. Hakuna anayemkata tena, kwa hivyo michango inasimama kimya kimya. Mzee, kabla ya kuaga ofisi, badilisha usajili wako uwe wa mtu asiye na mshahara, na kutoka kwenye malipo ya kustaafu toa ya mwaka mzima kabla hujanunua mabati. Kama unataka bima ya kampuni, ianze ungali kazini, kwa maana nyingi hazimpokei mtu mpya aliyepita miaka sitini au sitini na mitano.

Na ninyi watoto mlio mjini, baba na mama hawamo katika bima yenu hata mkikatwa vipi. Wao ni nyumba nyingine. Wasajiliwe kwa majina yao, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji atawasaidia, na kusajiliwa ni bure. Anayedai pesa ya kuandika ni mwongo. Wakishaandikwa, mtoto anaweza kuwatumia mchango wa mwaka kwa simu. Ndugu watatu wakigawana Sh3,600 ni Sh1,200 kila mmoja.