Bomba la Trekta Shambani (Sehemu ya 3): Waya Unapokidanganya Kidhibiti

Juma lililopita tulieleza jinsi kidhibiti cha bomba kinavyopima mtiririko wa dawa na mwendo wa trekta. Kuna jambo la tatu ambalo ni lazima kilijue: upana unaonyunyiziwa.

Mkono wa bomba hugawanywa vipande, kila kimoja na vali na swichi yake, ili dereva afunge upande mmoja afikapo pembeni mwa shamba. Kwa mitambo mingi, kidhibiti hakizioni vali hizo. Kinategemea waya unaoleta volti 12 kutoka kwenye swichi. Waya ukikatika, kipande huhesabiwa kuwa kimefungwa hata kama kinamwaga dawa.

Tuchukue mkono wa mita 12 wenye vipande vitatu vya mita 4. Ukitaka lita 200 kwa hekta kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, zidisha 200 kwa 6 kwa 12, ugawanye kwa 600: lita 24 kwa dakika. Waya mmoja ukifa, kidhibiti huona mita 8 na kushusha hadi lita 16. Hekta hupata lita 133 tu, na magugu hayashtuki. Waya wa kipande kilichofungwa ukigusana na wenye moto, lita 24 husukumwa katika mita 8, na hekta hupokea 300. Katika mashamba ya miwa ya Kibos na Chemelil, mvua huweza kuisomba ziada hiyo hadi Ziwa Victoria. Skrini nayo huendelea kuonyesha 200, kwa kuwa inahesabu kwa upana usio wa kweli.

Fundi wa umeme wa magari pale Obunga, Kisumu, anaweza kuusaka ubovu huu kwa mita ya kawaida. Trekta isimame, tangi liwe na maji safi, na kidhibiti kiwekwe mwendo wa majaribio. Washa na uzime swichi mojamoja, mwenzako akitazama nozeli. Skrini ikibadilika lakini nozeli hazikatiki, kagua vali. Nozeli zikitii na skrini ikabaki vilevile, pima kwenye plagi ya kidhibiti: takriban 12 swichi ikiwashwa, sifuri ikizimwa. Volti 5 au 6 mara nyingi ni kutu au eathi iliyolegea. Volti zikiwa sawa, hakikisha upana wa kipande umeandikwa kwenye mipangilio. Kisha badilisha nafasi za waya mzima na mbovu: ubovu ukihama, tengeneza waya, ukibaki palepale, ndipo ufikirie kununua kidhibiti kipya.

Juma lijalo: nozeli zilizolika, na jinsi ya kuzipima kwa jagi na saa.